Jibu la Swali la Saba

Emsii wa mazishi alishika maikrofoni akatangaza kwamba sasa akina mama wa Mabanga wangetuimbia wimbo mmoja wa zamani, wimbo wa wazee wetu, ambao hata mtunzi wake hajulikani. Nilikuwa nimeketi mstari wa tatu chini ya hema, miguu ya kiti cha plastiki imezama kwenye udongo kwa sababu ya mvua ya jana yake, na akina mama wale walipoanza nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Mtunzi wa wimbo alikuwa hatua sita kutoka pale aliposimama huyo emsii, ndani ya jeneza la rangi ya maziwa, na juu yake picha yake akiwa amevaa miwani. Akina mama waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Waliimba polepole kuliko tulivyoimba sisi, na walipofika kwenye kiitikio hema lote likaingia: chungu kiko mekoni, mwenyewe ametoka kidogo. Binti wa marehemu, Neema, ambaye ndiye alinipigia simu Kitale kunipa habari, alikuwa akiimba huku analia, na hakujua kwamba anaimba wimbo wa mama yake. Katika karatasi ya programu maisha ya marehemu Nasimiyu yalikuwa yamejaa ukurasa mmoja na nusu: shule alizosoma, shule alizofundisha, kanisa, chama cha akina mama, watoto, wajukuu, kisukari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kuimba. Na waliotayarisha programu hawakukosea, maana kwa miaka yote waliyomjua hakuimba. Hata kanisani alisimama na kitabu cha nyimbo kikiwa wazi na mdomo ukiwa umefungwa. Sababu naijua, na sababu ni mimi.

Mambo ya ukoo wangu nitayaruka. Inatosha kusema kwamba watu wetu walitoka upande wa Kati wakaja Trans-Nzoia kulima mahindi, na kwamba mwaka wa mambo haya, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijiona nimefika. Nilipiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini Kitale. Nasimiyu alifundisha darasa la pili katika shule ya msingi, bila cheti, kama walimu wengi wa wakati huo. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu na mbolea, kwenye barabara ya kwenda Suam, na nguo zetu zilinuka mbolea hata Jumapili. Kulikuwa na vitanda viwili, leso iliyotundikwa katikati kwa ajili ya heshima, meza moja, stovu ya mafuta ya taa iliyotoa moshi mpaka uifokee, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na fundi cherehani na mumewe, ambao walizozana kila jioni kuhusu jambo lile lile, yaani mama yake mume. Nasimiyu alipika mrenda, mboga ya majani, kwa chumvi ya majivu aliyoletewa kutoka kwao, na mwanzoni ulinishinda, ukateleza kooni kabla sijaamua kuumeza. Mimi nilipopika mukimo wa kwetu, wa viazi na mahindi ya kupondwa, aliuangalia, akauliza ni nani aliyeutafuna kwanza. Tulicheka sana katika chumba kile. Huwa nakumbuka hilo kwanza, kabla ya mengine, na nadhani ninafanya hivyo makusudi.

Wimbo ulianza Desemba kabla ya mwaka huo, nyanya yake alipofariki. Kwao nyanya ni kukhu, na huyu aliitwa kukhu Nelima. Nilimsindikiza Nasimiyu Mabanga kwa mazishi. Mchana, kabla ya jeneza kutolewa, alisimama peke yake mbele ya nyumba akaimba kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia, beti za Kibukusu na kiitikio cha Kiswahili ili sisi wageni tusiachwe nyuma. Wimbo ulisema kwamba chungu bado kiko mekoni, maharagwe yanatokota, mwenyewe ametoka kidogo tu, basi msizime moto. Nilikuwa nimehudhuria mazishi mengi, lakini hapo ndipo nilipoona wanaume wazima wakivua kofia na kuziweka usoni. Mara ya tatu watu walikuwa wameshashika kiitikio na kumsaidia. Hivyo ndivyo ilivyo kule: wimbo ukiimbwa mbele ya maiti umepewa maiti, ni mali yake, na wengine wanaweza kuuazima kwa ajili ya marehemu wao mradi waseme ni wa nani. Hilo nililielezwa baadaye, kwa lugha nyepesi kabisa, na bado sikulielewa.

Karatasi zilikuja Februari. Mwalimu Makokha, kiongozi wa kwaya yetu ya kanisa, mtu wa Naitiri, mfupi, ambaye hakutoka nyumbani bila kile chuma cha kutafutia sauti mfukoni, alizitoa kwenye bahasha ya kaki akazitandaza juu ya kitanda changu kwa sababu meza ilikuwa na sufuria. Kulikuwa na shindano la nyimbo la mataifa. Kila nchi ingepeleka wimbo mmoja tu. Nyimbo zote zingeonyeshwa kwenye televisheni za nchi zote siku moja, na majaji wa kila nchi wangepiga kura, ila hawangeruhusiwa kuipigia nchi yao. Sisi tuliokuwa tumezoea kutazama televisheni kupitia dirisha la duka, tena bila sauti, tulisogea karibu na kitanda. Njia ya kufika huko ilikuwa na ngazi zake, na Mwalimu alizihesabu kwa vidole. Kwanza ujaze fomu na kupeleka kaseti. Kaseti ikikubaliwa mnaitwa kwenye mchujo wa eneo lenu, ambao kwetu ungefanyika Bungoma. Washindi wa maeneo wangekutana Nairobi mbele ya kamera, na hapo ndipo ungepatikana ule mmoja wa kuvuka bahari. Wimbo usizidi dakika tatu. Jukwaani wasizidi watu sita. Uwe na mtunzi anayejulikana, naye aweke sahihi yake. Na uwe mpya. Swali la saba kwenye fomu liliuliza kama wimbo huu umewahi kuimbwa mbele ya hadhira, na kama ndiyo, wapi na lini.

Kwaya ilikuwa na nyimbo nyingi, zote za kitabuni. Mwalimu alijaribu kutunga na tukamwambia ukweli kwa upole. Kisha Jumamosi moja alikuja mapema, akamkuta Nasimiyu ameinama nje anaosha vyombo na kuimba ule wimbo kwa sauti ya chini, akasimama pale na baiskeli yake mpaka ukaisha. Aliingia ndani hajabisha hodi.

"Tumepata," alisema. "Hiyo ndiyo wimbo."

"Hiyo ni ya kukhu, Mwalimu," Nasimiyu alimjibu, hajageuka. "Tafuta ingine."

Makokha alikuwa mtu mwenye haya, akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Kwa wiki tatu nilimsumbua asubuhi na jioni, nikiwa upande wangu wa leso, naye upande wake. Nilimwambia kukhu angefurahi. Nilimwambia kipaji kisichotumika ni dhambi, nikatafuta na aya. Ukweli ni kwamba nilikuwa naimba sauti ya pili, nilisimama kulia kwake kwenye kila wimbo, na mahali ambapo Nasimiyu angefika nami ningefika. Nilikuwa nimeshaona kitambaa cha buluu nitakachoshona. Niliona watu wa ofisini wameketi kwa televisheni ya mtu na mimi nimo ndani. Tamaa hiyo ilikuwa yangu, si yake, na nilimvisha yeye.

Mwishowe alisema hawezi kuamua bila senge. Senge ni shangazi, dada ya baba, na huyu, Senge Nafula, ndiye aliyemlea. Tulikwenda Mabanga Jumapili. Senge alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya jembe, asiyependa maneno ya kuzunguka, akatupa viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya maziwa matupu akasikiliza habari za mataifa na televisheni bila kupepesa jicho. Jirani mmoja aliyepita kuazima ungo alimwomba Nasimiyu amkumbushe ubeti wa pili wa ule wimbo wa kukhu, kwa maana alikuwa ameusahau, na mimi nikaona ni heshima tu anampa. Sikujiuliza anautaka wa nini. Jirani alipoondoka Senge alitoa jibu lake, na alilitoa akinitazama mimi, sijui kwa nini.

"Ule wimbo wewe ulipatia kukhu. Ukitaka kuazima, azima. Lakini mahali popote mtu akikuuliza, useme ni ya kukhu Nelima, ulimwimbia hapa. Usimfiche."

Nasimiyu aliahidi. Njiani kurudi alikuwa mwepesi, akaimba wazi wazi, na mimi nikamshikia sauti ya pili. Tuliporudi Kitale tukakuta wimbo unachukua dakika nne na nusu. Niliupima kwa saa ya ukutani ya ofisini, wakati wa chakula cha mchana, wakili akiwa kortini na kwaya yote imejipanga kati ya makabati ya faili. Tulipunguza huku na huku, tukaondoa marudio, na bado ulizidi. Ubeti pekee uliobaki kukatwa ulikuwa wa tatu, ule uliotaja jina la kukhu na shamba lake na namna alivyokuwa akiita kuku. Makokha alikuna kichwa. Nasimiyu aliangalia sakafu, kisha akasema sawa, ukatwe. "Jina lake si litakuwa kwa fomu," alisema. "Pale kwa namba saba." Tukaimba tena, ukatoka dakika mbili na sekunde hamsini na tano, na watu wa kwaya wakapiga makofi mpaka karani wa ofisi jirani akaja kuuliza kama kuna mtu amepata mtoto.

Jibu lake la swali la saba aliniandikia kwa penseli, kwenye karatasi ya daftari, ili nilipige taipu pamoja na mengine: Ndiyo, kwenye mazishi ya kukhu yangu Nelima, Mabanga, Desemba. Jioni hiyo tulilijadili tukila ugali na mrenda. Makokha alisema hakuna shida, matanga si konseti, nani alikata tiketi kwenda kulia. Tulicheka wote. Lakini mimi nilicheka na wasiwasi. Nilikuwa nafanya kazi kwa wakili, nilikuwa nimeona kesi zikianguka kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi, na nilijua, au nilidhani najua, kwamba watu wanaochuja fomu wanatafuta sababu ya kutupa. Mpya ni mpya. Ukisema ndiyo, umejitoa mwenyewe. Kesho yake saa saba mchana, peke yangu ofisini, niliweka karatasi tatu na kaboni mbili kwenye mashine, nikapiga jina, umri, kijiji, muda wa wimbo, na nilipofika namba saba nikapiga Hapana. Herufi sita. Karatasi ya penseli niliikunja nikaitia kwenye pipa la taka, kisha nikaitoa nikaipasua, kisha nikaitia tena.

Sahihi alitakiwa kuweka siku hiyo hiyo ili fomu iwahi posta. Nilimkuta kwenye lango la shule wakati wa mapumziko, watoto wamemzunguka, vidole vyeupe kwa chaki. Nilimshikia fomu juu ya jalada la faili. Alichukua kalamu, na kabla ya kuandika akaniuliza swali moja. "Umeandika vile nilisema?" Nikamwambia nimeandika. Akaweka sahihi bila kusoma, na kidole gumba chake kikaacha alama ya chaki pembeni ya karatasi. Nimewahi kusema uongo mwingine maishani, mwingine mkubwa kuliko huo ukiupima kwa maneno. Huo ndio ninaouota.

Kaseti ilikubaliwa. Barua ilifika mwezi wa Juni na Makokha aliisoma kanisani baada ya matangazo. Tulifanya mazoezi mpaka fundi cherehani na mumewe wakaacha kugombana ili wasikie. Kitambaa cha buluu kilishonwa, nguo sita zinazofanana, na Nasimiyu alinyamaza zaidi kadiri siku zilivyokaribia, lakini ni ule unyamavu wa mtu aliyebeba maji kichwani, hakuwa na huzuni. Siku ya mchujo tulifika Bungoma asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa mpaka madirishani, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na hakukuwa na kiingilio. Majaji walikuwa watatu mezani, wametoka Nairobi, na kando yao fundi na mtambo wake wa kurekodi. Senge Nafula alikuwa mbele na gauni lake la kanisa. Alikuwa amechinja kuku wawili nyumbani kabla ya kuondoka, ili tukitoka pale tukale.

Vikundi vinne viliimba kabla yetu na watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha sisi. Nasimiyu alianza ubeti wa kwanza peke yake na ukumbi ukatulia. Tulipoingia kiitikio nilisikia kitu nyuma ya sauti zetu, nikadhani ni mwangwi. Haukuwa mwangwi. Ukumbi ulikuwa unaimba. Si wote, mwanzoni ni akina mama wa upande wa kushoto, kisha wazee waliosimama nyuma, kisha hata madirishani, na hawakuwa wanabahatisha. Walijua maneno na sauti zake, walijua mahali pa kupumua. Ubeti wa pili waliimba pamoja naye, na tulipofika pale tulipokata, pale ambapo ubeti wa tatu ungekuwa, sisi tukaruka kwenda kwenye kiitikio na nusu ya ukumbi ikaendelea na jina la kukhu Nelima. Kwa sekunde kadhaa nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilidhani tumeshinda. Nilidhani hivi ndivyo wimbo mkubwa unavyofanya.

Jaji wa katikati aliinua mkono na fundi akazima mtambo. Ilichukua muda ukumbi kunyamaza. Aliuliza kwa utulivu watu hawa wameujulia wapi wimbo huu. Mama mmoja akajibu kwa fahari kwamba si ni wimbo wa matanga, tunauimba kila mahali, tuliuazima kwa huyu msichana alipozika kukhu yake. Watu wakaitikia, wakafurahi, wakidhani wanatusaidia. Tangu Desemba wimbo ulikuwa umetoka mazishi hadi mazishi, kila mahali ukitajwa ni wa nani, na sisi watu wa kwaya Kitale ndio pekee tuliokuwa hatujui. Jaji alifungua faili akatoa fomu yetu. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona ile alama nyeupe ya kidole pembeni.

"Hapa umeulizwa kama umewahi kuuimba mbele ya watu," alimwambia Nasimiyu. "Ungeandika mazishi tungejua la kufanya. Umeandika hapana. Hii sahihi ni yako?"

Nasimiyu hakumtazama jaji. Alinitazama mimi, kulia kwake, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa kufungua mdomo. Watu huniambia, wale wachache niliowaeleza, kwamba nilipigwa na bumbuazi. Sikupigwa na bumbuazi. Nilikuwa nafikiria wakili wangu akisikia karani wake anaghushi majibu ya watu. Nasimiyu aligeuka akasema, "Ni yangu." Jaji akasema basi hatuwezi kuendelea na mtunzi aliyedanganya, akafunga faili, akaita kikundi kinachofuata. Tulitelemka jukwaani na nguo zetu za buluu mmoja nyuma ya mwingine.

Nyumbani kwa Senge kuku tuliletewa mezani hivyo hivyo, maana Senge hakuwa mtu wa kutupa chakula. Ugali ulitolewa, mchuzi ukatolewa, maji ya kunawa yakapitishwa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Makokha alikuwa anakiangalia kile chuma chake kama mtu aliyekiokota. Jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, Senge alikuwa akizungumza na wifi yake, na hakujali nani anasikia. Alisema hana maneno na kushindwa, kushindwa ni kwa watu. Alisema alimwomba kitu kimoja tu. "Nilimwambia usimfiche. Ameandika na mkono yake ati hajawahi kumwimbia. Amemkana kukhu mbele ya watu wote wa Bungoma." Nasimiyu alikuwa ameketi karibu nami na alisikia kila neno. Aliinuka, akaingia jikoni, nikasubiri nisikie akitaja jina langu. Nilisikia anaosha sufuria.

Jumatatu nilirudi ofisini. Katika droo yangu kulikuwa na nakala ya masharti, karatasi tatu zilizobanwa pini, zile zile ambazo Makokha alizitandaza kitandani, na sijui nilitafuta nini nilipozitoa. Nilizisoma kama nilivyopaswa kuzisoma tangu mwanzo, upande wa mbele na wa nyuma. Upande wa nyuma wa karatasi ya pili, ambao sikuwahi kuugeuza, ulieleza maana ya hadhira. Ibada na mazishi havikuhesabiwa. Aliyeimba wimbo wake mazishini alitakiwa tu kutaja mazishi ya nani na wapi. Utani wa Makokha ndio ulikuwa sheria, na jibu la Nasimiyu lilikuwa sahihi neno kwa neno, pamoja na mwezi wake. Nilizikunja karatasi zile nikazitia kwenye jiko la ofisi, nikampelekea wakili chai. Sikumwambia Nasimiyu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala miaka yote iliyofuata.

Mwisho wa muhula alihama. Nilimkuta akikunja leso ya katikati, na chumba kimekuwa kikubwa ghafla. Stovu aliniachia, alisema kwao kuna kuni. Nilianza kusema kwamba nilidhani, kwamba nilitaka tu tusitupwe nje. Alinikatiza bila hasira.

"Nilikuuliza, Nyokabi," alisema. "Pale langoni, nilikuuliza."

Hakulisema tena maishani. Tulibaki marafiki, kama mtu anavyobaki na mguu uliowahi kuvunjika. Alikuja harusi yangu na mimi nikaenda yake, ambayo Senge hakuhudhuria. Neema ameniambia kwamba walikua wakijua bibi yule hali chakula kwa mama yao, akija kukiwa na ugonjwa au msiba anakaa nje na kuondoka na njaa, na hawakuwahi kuambiwa sababu. Nasimiyu angeweza kuisema kwa sentensi moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na jibu ninalolipata, ambalo silipendi, ni kwamba aliona mimi ndiye ninayepaswa kuisema na alikuwa ananingoja. Desemba ya mwaka ule nilitazama lile shindano katika hoteli moja Kitale, Jumapili alasiri, nikiwa na chai na mandazi mbele yangu. Nchi yetu iliwakilishwa na watu ambao sikuwajua, waliimba vizuri, dakika tatu zikaisha, na mhudumu akaja kupangusa meza.

Sasa akina mama walikuwa wamemaliza kuimba na emsii alikuwa anaita marafiki, dakika mbili mbili, tafadhali tuheshimu muda. Jina langu lilikuwa kwenye programu. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikuwa Senge Nafula, mzee sana sasa, amefunikwa shuka, mkongojo katikati ya magoti. Niliposhika maikrofoni nilikuwa nimeandaa maneno mengine, kuhusu mwalimu mwema na rafiki mwema. Nikasema wimbo mliouimba sasa hivi mtunzi wake anajulikana, ni huyu hapa, aliutunga kwa ajili ya kukhu Nelima, na Neema akainua kichwa. Kisha nikaeleza habari ya fomu. Nilieleza yote, penseli, kaboni, lango la shule, na upande wa nyuma wa karatasi. Nilisema Nasimiyu hakumkana kukhu wake hata siku moja, aliandika jina lake kwa mkono wake, na mimi ndiye niliyelifuta. Nilizidisha dakika mbili na emsii hakunikatiza.

Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza juu ya hema. Senge aliinua mkono, mjukuu akamsogezea sikio, kisha akamsukuma mjukuu kando ili aseme mwenyewe. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimesubiri matusi hayo maisha yangu yote. Hakunitazama hata kidogo, alikuwa anatazama jeneza.

"Miaka yote hii sijakula kwake," alisema. "Sasa mimi nitaomba nani msamaha?"

 Nilirudisha maikrofoni, nikarudi mstari wa tatu, na mtu aliyekuwa kando yangu akasogeza kiti chake mbali nami kidogo.